Baga ya Minneapolis yenye jina lililokosewa, na kesi ya siagi ya karanga Busia

MUUZAJI mmoja wa siagi ya karanga kutoka Busia, upande wa Kenya, aliuma baga yake mapema mno. Alikuwa ameonywa mara mbili, kwanza na mdogo wake aliyemleta, kisha na mhudumu aliyeiweka mezani ikiwa imefungwa kwenye karatasi. Hakusikia. Jibini lililoyeyuka, ambalo hapa halikai juu ya nyama bali hufichwa ndani yake, likamchoma ulimi na kumtiririka kidevuni. Aliiweka chini, akanywa maji, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

“Kumbe ndani kuna moto,” akawaambia wenzake.

Hiyo ilikuwa Matt's Bar, kwenye kona ya Cedar Avenue na Mtaa wa 35, kusini mwa jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Ni baa ndogo, ya kawaida kwa kuitazama. Mtu anayepita bila kujua angedhani ni kilabu cha wazee wa mtaa. Lakini mlangoni huwa na foleni, na wanaopanga foleni wengi wamefuata kitu kimoja tu, baga iitwayo Jucy Lucy.

Mezani walikuwa watano. Mama huyo wa Busia, aliyekwenda Marekani kwa mahafali ya binti wa mdogo wake. Mdogo mtu, ambaye ni muuguzi na anaishi kitongoji cha Brooklyn Park. Mganda mmoja wa Tororo anayeendesha lori za masafa marefu, ambaye zamani alikuwa karani wa wakala wa forodha Malaba. Mtanzania wa Arusha anayefanya kazi kwenye ghala. Na kijana Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, ambaye tangu mwanzo alisema hatakula nyama kwa kuwa si halali, wala hatakunywa bia, ila hawezi kukosa mazungumzo. Aliagiza soda.

“Tangu Machi 2024 na sisi ni Jumuiya,” aliwaambia, akimaanisha Somalia kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa mwanachama wa nane. “Kikao kama hiki hamwezi kukifanya bila mimi.”

Mdogo mtu alikuwa na sababu ya kuwakusanya. Dada yake hakuwa amelala vizuri kwa wiki nzima. Kwenye simu yake kulikuwa na picha ya ukurasa wa gazeti rasmi la Serikali ya Uganda, aliyotumiwa na mteja wake wa Tororo. Ukurasa huo ulitangaza kwamba mtu fulani ameomba kusajili alama ya biashara kwa ajili ya siagi ya karanga. Jina lililoombwa lilikuwa la mama huyu, herufi kwa herufi, na hata mchoro wa maganda mawili ya karanga ulikuwa uleule wa kwenye vikopo vyake.

Sheria ya Uganda inampa anayepinga siku 60 tangu tangazo litoke. Picha ilipomfikia, siku 38 zilikuwa zimekwisha.

“Dada, leo karanga hatuzitaji,” mdogo mtu alisema walipokuwa bado nje kwenye foleni. “Leo tunakula tu.”

Kwa bahati mbaya, au nzuri, alikuwa amemleta kwenye baa ambayo sifa yake yote imejengwa juu ya ugomvi wa aina hiyohiyo.

Nani alianza?

Masimulizi ya Matt's ni haya. Mwaka 1954, ambao ndio mwaka baa hiyo ilianza chini ya Matt Bristol, mteja mmoja aliomba atengenezewe vipande viwili vya nyama ya kusaga vyenye jibini katikati. Alipouma, majimaji yakaruka, naye akatamka kwa Kiingereza maneno ambayo yakawa jina la chakula hicho. Jina hilo lilipoandikwa, herufi moja ikaachwa. Neno la Kiingereza la kitu chenye majimaji huandikwa “juicy”. Matt's wanaandika “Jucy”, bila i, mpaka leo.

Ukiteremka barabara hiyohiyo ya Cedar kuelekea kusini, baada ya kilomita kama tano hivi utafika Mtaa wa 58. Hapo ipo 5-8 Club, nyumba ya mwaka 1928, enzi ambazo pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani na watu walikunywa kwa kujificha. Nao wanauza baga yenye jibini ndani. Nao wanasema ni yao. Kwao jina linaandikwa na herufi zote, na kosa la wenzao wamelifanya silaha. Fulana za wahudumu wao zimekuwa zikijigamba kwamba kilichoandikwa sawasawa ndicho kilichopikwa sawasawa. Matt's hujibu kwamba mteja akiona jina limeandikwa bila kosa, ajue yuko kwa mwigaji.

Kati ya hao wawili, hakuna aliyewahi kuweka mezani karatasi ya kumaliza ubishi. Kuna masimulizi ya wenye baa, ya wapishi wa zamani, ya wateja ambao baba zao waliwahi kula hapo. Jengo la 5-8 ni la zamani zaidi, lakini umri wa jengo si umri wa baga. Matt's wana mwaka na wana kisa, lakini kisa hicho kimesimuliwa na wenye mali. Hakimu yeyote wa Afrika Mashariki angewauliza wote wawili swali moja, nao wangebaki wakitazamana.

Mama wa Busia alisikiliza hadithi hiyo kutoka kwa mdogo wake akiwa bado anaupoza ulimi kwa maji. Aliuliza swali la kibiashara.

“Na huyu wa pili hajamuua huyu wa kwanza?”

“Angalia mlangoni,” mdogo mtu akamjibu.

Foleni ilikuwa imeongezeka.

Mkono wa mpishi

Bamba la chuma la kukaangia halijafichwa jikoni. Lipo palepale penye kaunta, mpishi mmoja akisimama mbele yake. Mama huyo, ambaye amekaanga na kusaga karanga kwa mikono yake zaidi ya miaka 10, aliacha mazungumzo akawa anamwangalia yeye tu.

Kazi yenyewe ni ya ujuzi mdogo na uangalifu mwingi. Vipande viwili vyembamba vya nyama ya kusaga huwekewa jibini katikati, kisha kingo zake hubanwa pande zote kama anavyobana mtu sambusa au mkate wa kujaza. Zikibanwa ovyo, jibini hutoboa na kumwagikia kwenye chuma, na hapo baga imekwisha kabla haijaliwa. Zikibanwa vyema, nyama huvimba kidogo katikati wakati wa kukaangwa. Kitunguu hukaangwa pembeni kwenye mafuta ya nyama hiyohiyo mpaka kinakuwa laini na kitamu. Halafu skonzi, vipande vya tango la achari, na karatasi ya kufungia. Hakuna nyanya. Hakuna majani ya saladi. Hata sahani hakuna.

Maoni ya mezani hayakulingana. Mtanzania alisema nyama ni nzuri lakini imepewa chumvi na kusahauliwa, na kwamba mkate wa nyama wa Forodhani, Zanzibar, ambao nao hufunika nyama, yai na jibini ndani ya unga, una mambo mengi zaidi kwa pesa kidogo. Hilo lina ukweli. Mganda aliuliza kama kuna pilipili, akaletewa sosi ya chupa ambayo aliitazama kwa huruma. Alikula yote hata hivyo, akaagiza ya pili. Mdogo mtu, aliyekwishazoea, alikuwa ameiacha yake ipoe kwa dakika kadhaa, akaila taratibu kuanzia ukingoni.

Mama alirudi kwenye yake ilipopoa. Safari hii aliionja vizuri. Nyama ilikuwa imeshika rangi ya kahawia pembeni, ikawa na ukavu fulani wa kupendeza, na katikati jibini limeganda kidogo na kuvutika. Kitunguu ndicho kilichompendeza kuliko vyote. Hukumu yake ilikuwa fupi: ni tamu, lakini si kitu cha kumshinda mtu kukiiga.

“Mimi kesho naweza kuipika Busia,” alisema. “Wakati wa kufunga jioni nimeshauza zote.”

“Utaiitaje?” akauliza Msomali.

Meza ikacheka, naye akacheka, lakini swali likabaki hapo katikati ya makaratasi.

Na kweli wako wengi walioipika. Katika miji hiyo pacha ya Minneapolis na St. Paul, baga yenye jibini ndani imekuwa chakula cha kila mtu. Blue Door Pub ya St. Paul ilitia jibini la buluu lenye harufu kali ikaliita lake “Blucy”. Matt's na 5-8 wamepigana kwa miaka, kipindi cha runinga kikawashindanisha hadharani, na matokeo ya ugomvi ni kwamba mgeni anayefika mjini huambiwa aonje kwa wote wawili ili aamue mwenyewe. Huyo ni mteja mmoja aliyegeuka kuwa wawili.

Wafanyabiashara wa Busia na Malaba wana mfano wao wa karibu. Neno “bodaboda” linasemwa kuwa lilizaliwa mpakani, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiita abiria wa kuvushwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Leo limeenea mpaka Dar es Salaam, na hakuna mtu wa mpakani anayelipwa senti kwa ajili yake. Jina likishakuwa la kila mtu, aliyelianzisha hubaki na hadithi ya kusimulia. Matt's angalau wana kosa lao la herufi. Kosa hilo limewafaa kuliko usahihi wa wenzao, maana mtu akiandika “Jucy” bila i kila mtu anajua anayetajwa ni nani.

Mdogo mtu alikuwa na hadithi nyingine ya kumwonyesha dada yake kwamba wamekaa mahali pa heshima. Tarehe 26 Juni 2014, Barack Obama, akiwa Rais wa Marekani, aliingia humu akala Jucy Lucy. Kwa mtu wa Busia habari hiyo ni ya jirani, kwa sababu Kogelo, kijiji cha baba yake Obama, kipo Siaya, kaunti inayopakana na Busia.

“Yeye naye alichomeka?” mama akauliza.

Hakuna aliyejua.

Karatasi za chini ya kitanda

Ahadi ya kutozitaja karanga ilivunjwa na Mganda. Alikuwa ameshavutiwa. Mtu aliyewahi kuwa karani wa forodha haachi kuwa karani kwa kubadilisha kazi.

“Nnyabo,” alimwambia, “wakili wako wa Kampala amekuuliza nini hasa?”

Wakili alikuwa ameuliza jambo moja: una ushahidi gani kwamba wewe ndiye uliyeanza kuuza Uganda kwa jina hilo?

Hapo ndipo kidonda kilipo. Mama huyu alianza kusaga karanga mwaka 2013, kwa mashine moja ya mkopo wa chama. Karanga zenyewe zilitoka Uganda, zikavuka kuja Kenya zikiwa ndani ya magunia, zikarudi Uganda zikiwa ndani ya vikopo. Jina na mchoro alivisajili Nairobi, kwenye taasisi ya Kenya inayoshughulikia mali ya ubunifu, KIPI, na alipopata cheti chake aliamini kimemaliza kazi. Usajili wa Kenya hudumu miaka 10 na unaweza kuongezwa. Lakini ni wa Kenya tu. Hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba hatua 100 kutoka kibandani kwake, ng'ambo ya lango, cheti kile hakina nguvu.

Wengi katika kanda hii hawalijui hilo, na si kosa lao peke yao. Jumuiya ina umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010, bidhaa zinavuka, watu wanavuka, lakini alama ya biashara haivuki. Haipo ofisi moja ya Jumuiya ambako mtu anasajili jina lake mara moja likatambuliwa kila nchi mwanachama. Uganda ni URSB, Kampala. Tanzania Bara ni BRELA, na Zanzibar ina wakala wake mwingine, BPRA. Rwanda ni RDB. Kila mlango una ada yake, na mtu wa nje kwa kawaida hulazimika kupitia wakili au wakala wa ndani ya nchi. Kwa mwenye kiwanda kikubwa hiyo ni gharama ndogo. Kwa mtu anayeuza vikopo kwa katoni ni bei ya mashine nzima.

Sheria haimwachi hivihivi aliyetumia jina kwanza bila kulisajili. Anaweza kupinga ombi la mwingine, na hata kudai kwamba wateja wanadanganywa wakidhani wananunua mali yake. Sharti ni athibitishe kwamba wateja wa nchi hiyo walikuwa wanamjua kabla ya huyo mwingine kuja.

Na mama huyu, kama maelfu ya wenzake, miaka yake ya kwanza alivusha mali kwa njia za panya.

Alilisema bila kuficha. Vikopo 20 ndani ya mfuko, baiskeli, alfajiri, na mtu wa kuzungumza naye njiani. Wakati mwingine alitumia baiskeli za magurudumu matatu za wenzetu wenye ulemavu, ambao mpakani Busia wanajulikana kwa kuvusha mizigo. Hakuna risiti. Hakuna muhuri. Aliokoa shilingi kadhaa kila safari na alijiona mjanja. Alibadilika kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na maafisa wakaanza kuwaeleza akina mama kuhusu cheti cha asili kilichorahisishwa, kile cha mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Tangu hapo akawa anapita langoni. Mshindani wake alionekana sokoni mwaka 2019.

“Basi una cheti cha 2018,” Mganda akasema.

“Ninavyo. Viko chini ya kitanda.”

“Cheti kitasema siagi ya karanga. Hakitasema jina la kwenye kikopo. Unahitaji na ankara iliyofuatana nacho, yenye jina.”

Kimya kidogo. Mhudumu alipita akaondoa makaratasi.

Mtanzania akauliza kuhusu pesa: wateja wa Uganda walikuwa wanamlipaje? Wengi wa Busia ya Uganda walikuwa na laini za Kenya, wakimtumia kwa M-Pesa. Taarifa ya M-Pesa inaonyesha jina la aliyetuma, kiasi na tarehe. Haionyeshi karanga. Lakini ikiwekwa kando ya daftari la madeni, tarehe kwa tarehe, inaanza kusema kitu. Daftari lipo? Lipo. Aliandika nani? Binti yake, akiwa darasa la saba.

Mdogo mtu hakusema tena kwamba karanga hazitajwi. Alichukua kalamu kwenye mkoba wake wa kazini na kuanza kuorodhesha nyuma ya bahasha.

Kilichomuumiza mama zaidi hakikuwa mauzo. Januari 2020 shirika la viwango la Kenya, KEBS, liliondoa sokoni chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu ya sumukuvu. Yake haikuwamo. Lakini anakumbuka wiki zile, wateja wakigeuza kila kikopo kutafuta alama ya ubora, akina mama wa shule wakirudisha katoni nzima. Baga yenye jibini ndani ikipikwa vibaya Mtaa wa 58, mteja wa Mtaa wa 35 hapati homa, na kila mtu anajua ni nyumba mbili. Kikopo chenye jina lilelile na mchoro uleule, kilichojazwa karanga zilizooza na mtu asiyejulikana, kinamwua aliye halali. Hapo ugomvi wa Cedar Avenue na ugomvi wa Busia vinaachana. Matt's na 5-8 wanagombea sifa ya kuanza, na kila mmoja ana jina lake mlangoni. Wa Busia amechukuliwa mlango wenyewe.

Ilipofika saa ya kulipa, Mtanzania alitoa kadi. Akakumbushwa kwamba baa hii tangu zamani inajulikana kwa fedha taslimu tu. Mganda naye alikuwa na kadi. Mama wa Busia akafungua kipochi chake, akahesabu noti za dola alizobadilisha kabla ya kuondoka nyumbani, akalipia watu wote, pamoja na soda ya Msomali. Mtu wa mpakani hatembei bila pesa mkononi.

Siku mbili baadaye mdogo mtu alimpeleka dada yake 5-8 Club, wawili tu. Kule kuna nafasi zaidi, na mteja huchagua aina ya jibini anayotaka ndani. Mama alisubiri ipoe bila kuambiwa. Alisema nyama yao imeshiba kidogo kuliko ya Matt's, ila kitunguu cha Matt's hakina mpinzani. Alipoulizwa yupi ndiye mwanzilishi, alisema kwa mdomo hawezi kujua, aletewe madaftari.

Akiwa bado mezani, binti yake alianza kutuma picha kutoka Busia, ambako usiku ulikuwa umeingia. Daftari la kwanza, ukurasa kwa ukurasa, mwandiko wa mtoto, majina ya maduka ya Busia ya Uganda, Tororo na Mbale, mengine yamefutwa kwa kalamu nyekundu baada ya kulipwa. Ankara tano zenye mchoro wa maganda mawili. Kisha vyeti vya forodha, vilivyokunjwa ndani ya mfuko wa sukari. Ankara moja ilikuwa imebanwa kwa pini pamoja na cheti chake. Jina lilisomeka vizuri. Kiasi kilisomeka. Muhuri ulisomeka mpaka kwenye tarakimu ya mwisho ya mwaka, ambapo mafuta ya karanga yalikuwa yamelowesha karatasi. Ilikuwa 2018 au 2019.

Mama aliikuza ile picha kwa vidole viwili, akaigeuza kuielekeza dirishani, akampa mdogo wake naye aitazame. Kisha akampigia binti yake. Alimwambia asijaribu kukisafisha, asikifute kwa kitambaa, akiweke ndani ya kitabu kikauke, na asubuhi akipeleke forodhani awahi kabla ya foleni ya malori, aulizie nakala ya ofisini.